Safari ya Kwenda Kutazama Nyasi

Juzi niliingia duka la vifaa vya kambi kutafuta soksi, nikatoka bila soksi. Kijana wa pale alikuwa anamwonyesha mteja dawa ya mbu, akajipulizia kidogo mkononi, na ile harufu iliponifikia sikuweza kusimama pale tena. Nikatembea mpaka kituo cha basi. Basi likaja nikaliacha, likaja jingine nalo nikaliacha. Kutulia kwangu ni shida tangu utotoni, mama yangu alikuwa akisema nina siafu kwenye nguo, lakini juzi nilijizidi mwenyewe. Harufu yenyewe ni kama ndimu iliyochanganywa na mafuta ya taa. Nyumba yetu ya Ponders End ilinuka hivyo kipindi chote ambacho Baba alikuwa anapanga safari ya kwenda kwa kaka yake.

Wenzangu mliozaliwa London na wazazi waliotoka kwetu mnakumbuka safari zilivyokuwa. Ilikuwepo moja tu, ya kwenda nyumbani, na ilikuwa ni kubeba: masanduku yamejaa viatu vya binamu, dawa za presha za bibi, simu za mitumba zimefungwa kwenye mataulo. Hakuna aliyekwenda mahali kwa sababu ni pazuri. Mimi nilikuwa na miaka tisa na sikuwahi kusikia mtu mzima wa ukoo wetu akisema anakwenda kuona mandhari. Ndiyo maana Baba alipotandaza ramani ya Kanada kwenye meza ya kulia, akasema mwaka huu tunakwenda kuona nyika, tukahamia kula kwenye sofa sahani zikiwa mapajani, na tukala hivyo wiki nyingi.

Kaka yake ni Baba Mkubwa Elia. Babu alipofariki kule Singida, Baba alikuwa mdogo bado, na Baba Mkubwa ndiye aliyemlea, akamchapa, akampeleka shule, akampigia pasi shati la kwanza la mahojiano ya kazi. Baadaye dunia ikawatupa mmoja huku na mwingine kule. Walikuwa hawajaonana tangu kabla sijazaliwa. Mwanzoni Baba hakuwa na makaratasi, akitoka Uingereza harudi. Alipoyapata, Baba Mkubwa naye akawa anangoja ya kwake huko Saskatchewan, alikokuwa anaendesha lori la ngano. Mpaka wote wawili wakawa sawa, walikuwa wameshaota mvi.

Kwa hiyo mimi nilimjua Baba Mkubwa kwenye simu iliyoegemezwa kwenye kopo la sukari kila Jumapili. Alikuwa na tabia ya kutoka nje na simu yake na kuizungusha.

"Yohana, unaona nini?"

"Sioni kitu, kaka."

"Ndicho hicho hicho! Hakuna kitu! Ni Singida kabisa hii, ila Mungu kasahau kufunga friji."

Halafu wanacheka wote wawili kicheko kimoja, kile cha kupiga paja, na Mama anapita nyuma akitingisha kichwa. Baba Mkubwa alisema kiangazi nyasi zinafika tumboni, na ukizidi kwenda kaskazini nyika inaanza kukutana na misitu na maziwa yasiyo na majina, na huko kuna nyati wa porini wenye nundu na ndevu, na mbwamwitu wanaolia jioni kama watoto walionyimwa kitu. Alikuwa ameshatuwekea kibanda cha mbao pembezoni mwa hilo pori. Tungekaa sisi watatu, yeye, Baba na mimi. Mama hakupata likizo. Alikuwa anahudumia wazee majumbani mwao na kiangazi wenzake wote walishachukua zamu za kupumzika.

Baba alijiandaa kama anayekwenda vitani. Alinunua kofia zenye chandarua, buti za mpira, darubini, filimbi ya kufukuzia dubu, na hiyo dawa ya mbu ambayo alitaka kwanza aijaribu kwenye mapazia kuona kama inaacha madoa. Siku ambazo hakuwa na zamu kazini kwake ghalani alinichukua tukafanye mazoezi kando ya mfereji wa Lea. Tulitembea tumevaa kofia zenye vyandarua, buti zinapiga kelele, Baba akisimama kila hatua chache kutazama ng'ombe wa watu kwa darubini. Kuna mzee mmoja mwenye mbwa alitusimamisha.

"You keep bees, mate?"

"No, sir," Baba akajibu kwa heshima zote. "Bison."

Mimi niliona aibu mpaka masikio yakapata moto, lakini ni aibu tamu. Usiku sikulala vizuri. Niliwaza kama filimbi ikigoma itakuwaje.

Mama hakuacha kumchokoza. "Watu wanakwenda Dubai, Baba Tumaini. Wewe umekulia kwenye nyasi, ukazikimbia nyasi, leo unapanda ndege kwenda kutazama nyasi." Baba anacheka, anasema nyasi za huko zimesoma. Lakini mimi mtoto nilisikia utani ule nikauweka moyoni kama ushahidi. Nilishaamua kwamba Mama hataki twende. Tumaini ni mimi, na Tumaini wa wakati ule akishaamua jambo, hata malaika ashuke kumweleza, harudi nyuma.

Basi Alhamisi moja, wiki ile ambayo tulikuwa tunasafiri, Mama akarudi kazini mapema. Hakuvua hata sare. Baba alikuwa ameshaanza likizo, yuko chini sebuleni anakunja nguo na kuzikunjua. Mama akasimama mlangoni, akasema, "Baba Tumaini, nipe simu yako niisafishe, imejaa mapicha." Baba akamtazama. Alimtazama muda, halafu akampa.

Nilimfuata Mama jikoni kwa kunyata. Nikamwona anaizima, anafungua ndoo ya mchele, anaifukia. Sote tunajua simu ikiingia maji inawekwa kwenye mchele. Lakini ile simu ilikuwa kavu. Aligeuka akaniona, akanyanyua kidole, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Ukimwambia baba yako, leo utanijua."

Nikapanda ngazi nikiwa na hasira. Baadaye kidogo intaneti ikafa nyumba nzima. Nilikwenda nyuma ya televisheni nikakuta waya umechomolewa, nikauchomeka, Mama akaja akauchomoa tena, safari hii akaenda nao. Nikawa na hakika sasa. Baba Mkubwa atapiga kutupa maelekezo ya mwisho, hatatupata, ataona tumemdharau, na safari itakufa. Hasira yangu ilikuwa kubwa kuliko kimo changu.

Halafu watu wakaanza kuja. Wa kwanza alikuwa Mama Rehema, rafiki yake Mama wa kanisani, na sufuria ya pilau iliyofungwa kanga. "Nimepita tu," akasema, na mtu aliyepita tu na sufuria ya watu ishirini akavua viatu, akaingia jikoni, akaanza kuosha vyombo ambavyo ni visafi. Kesho yake wakaja wengine, nao wamepita tu. Wanaume walikaa sebuleni wakatazama zulia. Wanawake walijaa jikoni wakiongea kwa sauti ya chini, nikiingia wananipa maandazi. Niliwahi kuona kikao cha namna hiyo, kwa jirani mmoja wa Enfield aliyetaka kumwacha mkewe. Watu walikuja hivyo hivyo kumkalisha chini. Nikajua Mama ameita kikao kumzuia Baba asiende kutazama nyasi.

Baba ndiye alinishangaza. Badala ya kuwauliza mnataka nini, akawakaribisha kwenye ramani. Hakukaa. Alizunguka meza, akapanda ngazi, akashuka, akaleta buti, akaleta darubini, akamvalisha mzee mmoja kofia yenye chandarua. Alizungumza bila kupumua. Kutoka Saskatoon barabara inakwenda hivi, hapa tutakula, hapa kuna mchanga kama jangwa katikati ya msitu, nani alijua Kanada kuna mchanga? Kila mtu aliyefungua mdomo, Baba alimwahi na nyati. Nyati dume ana uzito wa gari dogo, mnajua? Na anakimbia kuliko farasi. Watu wakasema, "Ee, kumbe," wakarudi kutazama zulia.

Ijumaa jioni sikuvumilia. Nilimvizia Baba kwenye korido, nikamvuta shati. "Baba, Mum's hiding your phone. It's in the rice. It's not even wet."

Akasimama. "Kwenye mchele?"

"Yes!"

Nilitegemea aende akaifukue. Yeye alitabasamu kidogo upande mmoja wa mdomo, akasema, "Iache ikae."

"But Baba Mkubwa's gonna call!"

"Baba Mkubwa hatapiga leo."

"How do you know?"

Akanichukua mkono. "Njoo nikuonyeshe barabara inayopita kwenye maziwa," akasema, na kiganja chake kilikuwa na jasho. Tulikaa na ramani mpaka nikasinzia juu yake. Alinitajia mito yote. Aliirudia mingine, nikamwambia huo umeshautaja, akasema basi sikiliza tena.

Hapa lazima niwaeleze kazi nyingine ya Baba, isiyo ya ghalani. Ninyi mnajua kwetu mtu haambiwi msiba kwa simu. Anaambiwa fulani anaumwa kidogo, simu yake inafichwa, watu wanakusanyika, kisha anatafutwa mtu mwenye moyo wa kuja kusema ana kwa ana. Kwa Watanzania wa upande wetu wa London mtu huyo alikuwa Baba. Alikuwa na koti jeusi la kazi hiyo. Mara kadhaa alinichukua kwa kuwa Mama yuko zamu, nikabaki garini, nikaona kupitia dirishani: Baba anaingia, muda kidogo, mtu anaanguka au anapiga mayowe, Baba anamshika. Kwa miaka kadhaa niliamini Baba anachoma watu sindano. Niliwahi kumwuliza inauma sana? Akafikiri, akasema inauma, lakini ukizungukazunguka inauma zaidi. Ana utaratibu wake, akanieleza kama fundi anayefundisha. Kwanza unazima jiko, maana mtu akianguka chakula kitaunguza nyumba. Halafu unahakikisha ameketi. Halafu unamwita kwa jina lake kamili, lile alilobatizwa, ili akusikie. Halafu unasema neno lenyewe, fupi, bila mapambo.

Mmeshaelewa, nadhani. Baba Mkubwa Elia alikuwa amefariki. Alilala Jumatano akiwa mzima, asubuhi wenzake wa kazini wakaona lori lake halijatoka. Shangazi aliyeko Dodoma alipigiwa, naye akampigia Mama, si Baba. Na watu wote wale waliopita tu walikuwa wanajua, wamekwama katika jambo moja: aliyekuwa akitumwa kusema ndiye leo wa kuambiwa. Mchungaji alikuwa safarini. Waliangaliana siku nzima kila mmoja akimsukumia mwenzake. Lakini mimi sikujua hata moja kati ya hayo. Nilikuwa nahesabu mito.

Jumamosi mchana akaletwa Amosi. Amosi alifanya kazi na Baba ghalani, kijana aliyekuwa ameoa juzijuzi, mpole, mrefu, mwenye mikono isiyojua ikae wapi. Alivaa suti. Nilipomfungulia mlango nikamcheka moyoni, suti ya nini kwenye joto lile? Wageni walipomwona wakasogea kumpisha. Mama akatoka jikoni akasimama nyuma ya kiti, Mama Rehema akamshika kiuno.

"Shikamoo kaka Yohana."

"Marahaba Amosi. Karibu, karibu uone. Hujaona ramani hii."

Amosi akaketi, na hilo lilikuwa kosa lake la kwanza, maana Baba alikuwa bado amesimama. Akapewa chai. Akasema kuna foleni North Circular. Baba akasema foleni ya wapi siku hizi si kubwa? Amosi akasema joto. Baba akasema huko tunakokwenda joto ni la mchana tu, jioni unavaa sweta, akaanza habari za mbwamwitu. Masikini Amosi akanaswa. Akauliza, "Na dubu je, kaka, wapo?"

"Dubu wapo! Ndiyo maana ya filimbi."

"Sasa dubu anaogopa filimbi?"

"Wengine."

Mama Rehema akakohoa kikohozi cha kumkumbusha mtu. Amosi akashtuka, akafungua mdomo, akasema, "Kaka Yohana, sisi tumekuja..." akaishia hapo. Akanywa chai. Akaanza tena, "Kaka, unajua maisha..." akaishia hapo pia. Kikombe kikaanza kugonga kisahani, tititi, tititi, mpaka chai ikamwagika kwenye ramani, sehemu za juu kule kwenye maziwa. Nikaruka na leso, nikamkaripia kwa Kiingereza kwamba anaharibu safari yetu. Hakuna aliyenigombeza. Nilipoinua macho Amosi alikuwa analia, mwanaume mzima kwenye suti, machozi yanashuka na wala hayafuti.

Baba akamtazama. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi aliacha kuzunguka. Nikaona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetua mzigo au aliyeupokea, sijui mpaka leo ni lipi. Akatoka kwenda jikoni. Tukasikia kitufe cha jiko kikizimwa, cha kwanza, halafu cha pili. Akarudi, akavuta kiti, akakaa akimwelekea Amosi, akaweka viganja juu ya magoti.

"Jiko nimezima, mdogo wangu," akasema. "Nimekaa. Sasa niite jina langu."

Amosi akatingisha kichwa, hawezi.

"Unaweza. Jina langu, halafu neno lenyewe. Usilipambe."

Amosi akavuta pumzi. "Yohana Samweli," akasema, sauti ikakwaruza, akairudia, "Yohana Samweli. Kaka yako Elia amefariki."

"Lini?"

"Jumatano. Usingizini."

"Asante," Baba akasema. "Umesema vizuri." Akampiga piga goti kumtuliza, maana aliyekuwa anatetemeka ni Amosi.

Kilio kikaanzia kwa Mama, kikapokewa jikoni. Mimi nilisimama na leso mkononi. Neno nililielewa, Kiswahili changu kilifika hapo. Kilichonishinda ni Baba. Niliwaona watu aliowaambia wakianguka, na yeye ameketi wima, anamtazama Amosi kwa upole.

Mama akaja mbele yake, akapiga magoti. "Ulijua."

"Nilijua uliponiomba simu. Lini umewahi kujali simu yangu imejaa?"

"Siku zote hizi unajua, na unakaa na huyu mtoto mnapanga safari! Kwa nini hukuniambia, Yohana? Mimi nilikuwa nakufa humu ndani."

 Baba akatazama ramani, chai imetengeneza ziwa lisilokuwepo. "Mlinipa siku mbili zaidi na kaka yangu," akasema. "Ningezikataaje?"

Halafu akanyoosha mkono, kiganja juu. Mama akaelewa. Akaenda jikoni akarudi na simu, punje za mchele zimeng'ang'ania kwenye kava. Baba akaiwasha. Pole zilizokuwa zimekwama zikaanza kuingia, moja juu ya nyingine, simu ikitetemeka mkononi mwake, na hakusoma hata moja. Alishuka na kidole mpaka akalipata jina alilokuwa analitafuta, akabonyeza, akaweka simu sikioni.

Hakuna aliyemzuia. Sebule nzima ya watu wazima, wote wanajua, walikaa wakisikiliza inavyoita. Niliisikia hata mimi niliyekuwa nimesimama mezani. Nami, Mungu anajua, nilikuwa nangoja ipokewe. Iliita mpaka ikakatika yenyewe, naye akapiga tena.